Wazee walivuka Nungwi hadi Pemba kwa ngalawa, au tunadanganyana tu?

#1 Kijana wa Bububu
Assalaam alaykum wanajamvi.

Mimi na binamu yangu tumerithi ngalawa ya mwembe, futi 20 na kitu. Tunataka kuitengeneza tutembee nayo pwani kwa pwani: Bububu, Mangapwani, Tumbatu, tulale Nungwi, halafu tuvuke hadi Mkoani na kupanda taratibu mpaka Wete. Hatuvui, hatupakii watalii, hatuna haraka. Kutembea tu.

Kila mzee nnayemuuliza ananambia, "Sisi tulikuwa tukivuka, ngalawa hizi hizi, tanga moja." Nikimuuliza yeye mwenyewe alivuka lini, jawabu ni kwamba si yeye, ni ami yake. Ami yake keshafariki. Basi mimi nasema wazi: siamini kuwa chombo chenye ubavu wa shubiri mbili juu ya maji kilikata mkondo wa Nungwi kikafika Pemba. Nani kaona kwa macho yake?

#2 Pweza Mkavu
Wa alaykum salaam. Nimeshamimina kahawa, njooni mpigane.

#3 Mtumbatu Asili
Bububu mlikuwa na reli, bahari mmeijulia wapi?

Wazee wetu walikwenda na wakarudi. Ngalawa ya Tumbatu ya zamani si hii inayopigwa picha na wageni magharibi. Ilichongwa kwenye mwembe mmoja, mwembe wa kukumbatiwa na watu watatu, ikawa na kina. Mtu akikaa ndani unamuona mabega tu. Miembe hiyo imeshakatwa. Leo mnachonga vijiti, mnaongeza ubao juu ili ubavu unyanyuke, halafu mnasema babu zetu waongo. Chombo kimebadilika, bahari ni ile ile.

#4 Mbavu za Kigamboni
Aisee wakuu, mimi niko Dar, bahari naijua kwa kivuko tu. Lakini Nungwi hadi Pemba si kama km 100? Fungeni mashine ya farasi 15 mmalize ubishi.

#5 Hesabu za Maji
Kigamboni, nusu ya hizo. Ras Nungwi hadi ncha ya kusini ya Pemba ni kama km 50. Mkoani ongeza kidogo. Tatizo halipo kwenye urefu.

Kijana, chukua ramani uangalie. Pemba haiko kaskazini ya Nungwi moja kwa moja, iko kaskazini-mashariki. Mkoani iko karibu km 40 juu na karibu km 40 nyengine upande wa mawio. Sasa mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, unapata nguvu, pengine hufika km 6 au 7 kwa saa. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, unapoa. Tuseme ngalawa yako inakwenda km 8 kwa saa na mkondo siku hiyo ni km 4. Kwa saa sita mkondo peke yake umekusukuma km 24 juu bila kukuuliza. Ukielekeza omo, yaani mbele ya chombo, Mkoani, Mkoani huioni. Unaiona Pemba yote inakupita upande wa kulia, nawe uko katikati ya mlango wa Pemba, maji yenye kina cha mamia ya mita, na mbele yako ni pwani ya Kenya.

Kwa hiyo anayevuka na kusi anaelekeza omo karibu na mashariki tupu, anauachia mkondo kazi ya kumpandisha. Na kama kusi linatoka kusini hasa, linakupiga ubavuni, na huo ndio upepo ambao ngalawa inaupenda kuliko wote. Kwenda inawezekana. Kurudi kwa msimu ule ule ndiko kusikowezekana: upepo usoni na mkondo usoni. Unangoja kaskazi.

#6 Pweza Mkavu
Walikwenda na kusi wakarudi na kaskazi. Miezi yote ya katikati wakifanya nini Pemba? Sasa nimejua kwa nini babu yangu ana watoto Mtambile.

#7 Bi Mwana wa Kojani
Pweza, waache wazee wapumzike.

Mimi ni wa Kojani na nakuambieni tulivyokuwa tukiona sisi. Baba yangu na ndugu zake walikuwa wakenda dago, yaani wanahama na nyavu na vyungu wanapiga kambi pahala pa mbali kwa msimu mzima. Unguja wamefika, Tanga wamefika, pwani ya Kenya wamefika. Lakini chombo cha kuvukia kilikuwa mashua. Ngalawa zilifungwa nyuma zikaburutwa, au ikiwa ndogo inapandishwa juu. Zikifika dago ndizo zinazotoka kuvua kila siku, mashua inalala kwenye nanga. Sasa mtu wa Nungwi akiona ngalawa ya Kojani imetia nanga kwake atasema nini? Atasema Wapemba wamevuka kwa ngalawa. Wamevuka nayo, hawakuvuka kwayo.

#8 Mtumbatu Asili
Bi Mwana shikamoo. Hiyo ni Kojani. Sisi hatukuwa na haja ya kuburutwa.

#9 Bi Mwana wa Kojani
Marahaba mwanangu. Nipe jina la mmoja.

#10 Mtumbatu Asili
Ami yake babu yangu.

#11 Pweza Mkavu
😂😂😂 Ami kapatikana!

#12 Fundi Kalafati
Salamu kwenu. Nnafanya kazi ya vyombo huku kaskazini, na naona mnazungumza mkondo na miti, hakuna aliyegusa ndubi, zile mbawa mbili za pembeni.

Watu wengi wanadhani ndubi ni boya. Siyo. Itazame vizuri: ni ubao, haina tumbo la kuielea. Umeuona ulivyolazwa kwa mshazari, ukingo wa ndani na wa nje havipo sawa, na mbele umenyanyuka kidogo? Fundi anaupanga hivyo makusudi. Chombo kikiwa na mwendo ndubi ya upande wa chini wa upepo inateleza juu ya maji na kujinyanyua, kama kijiwe kile watoto wanachokirusha kikaruka ruka. Mwendo ukifa, ndubi inazama. Ndiyo maana ngalawa ni salama ikikimbia na ni hatari ikisimama. Mnayemuona anapunguza tanga kwa woga katikati ya msukosuko ndiye anayepinduka, si yule anayekwenda.

Sasa fikirieni mkondo wa Nungwi. Pale maji yanakuja huku na yanakuja kule, mawimbi hayana mpango, na upepo nyuma ya kisiwa unakata ghafla. Tanga linalegea, mwendo unakufa, ndubi inakwenda chini, wimbi linalofuata linaikandamiza. Kamba ya mrengu, mti unaoshika ndubi, ikikatika hapo, huna ngalawa tena, una gogo lenye tanga.

Na kamba nayo. Zamani ndubi na mirengu vilifungwa kwa kamba ya kumbi la nazi. Ikirowa inajaa na kubana. Siku hizi kila mtu anafunga nailoni kwa sababu haiozi, lakini nailoni ikirowa inavutika. Unaondoka Mkokotoni fundo limebana, ukifika Nungwi linacheza. Mimi naamini wazee walivuka, na walichotuzidi ni kamba.

#13 Hesabu za Maji
Fundi, shukran, hili la ndubi sijawahi kuelezwa hivi. Ila nailoni ina nguvu mara nyingi kuliko kumbi. Kulegea ni suala la kukaza tena.

#14 Fundi Kalafati
Kaza tena ukiwa katikati ya mkondo, wimbi linakupiga uso. Nakusubiri.

#15 Kijana wa Bububu
Ahsanteni sana. Mbona kila mtu ana sababu yake? Miti, mkondo, kamba, mashua ya kuburuta. Na je, mashua ndogo ingekuwa bora? Binamu yangu anasema tuuze ngalawa tununue mashua.

#16 Nahodha wa Zamani
Msiuze.

Nimesoma yote, niacheni niseme kidogo. Mashua ina mkuku, ule uti wa chini. Mkuku unashika maji, kwa hiyo ukibisha, yaani ukiupandia upepo kwa kupinda pinda, kila ukigeuka unapata kitu. Ngalawa chini ni mviringo, ukiibana sana kwenye joshi, upande upepo unakotoka, inakwenda mbele hatua mbili na upande hatua moja. Halafu kugeuza tanga la pembe tatu si jambo la mara moja. Huwezi kupitisha omo kwenye upepo tu tanga likaruka upande wa pili. Unalegeza demani (kamba ya tanga), unampa upepo tezi (nyuma ya chombo), foromali (mti unaobeba tanga) inasimamishwa wima, inazungushwa mbele ya mlingoti, demani inapelekwa upande mpya. Kwenye mashua una watu wa kazi hiyo. Kwenye ngalawa mko wawili, mmoja kashika usukani na mwengine anapigana na foromali, na kila mkigeuka mnapoteza masafa mliyokwisha kuyapata. Ndiyo maana mtu wa ngalawa mwenye akili habishi. Anangoja upepo unaokwenda kwake.

Na hapo ndipo mnapokosea nyote mnaosema kusi. Kusi ni kali mno, Juni na Julai hata mashua zinatafuta pa kujificha. Wazee walikuwa wakihesabu tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, siku kumi kumi, wakajua mwongo gani, yaani kumi lipi, bahari inalala. Wakivuka na matlai, kusi limechoka na kaskazi halijaingia. Maji yamepoa, mtu anakwenda kwa tanga na kafi.

#17 Hesabu za Maji
Nahodha, kwa heshima. Matlai yanatoka mashariki. Na tumeshaona kwamba kuelekea Pemba unatakiwa kuelekeza omo upande wa mashariki. Si ndiyo unakwenda usoni mwa upepo kabisa, kwa chombo ambacho umesema mwenyewe hakibishi?

#18 Nahodha wa Zamani
Matlai hayavumi saa ishirini na nne mwanangu. Usiku unaingia umande, upepo wa kutoka nchi kavu, mchana unapinda. Ramani yako imechorwa na mtu aliyekaa kitini.

#19 Hesabu za Maji
Umande wa Unguja unakutoa pwani ya magharibi kukupeleka magharibi. Pemba ipo upande wa pili.

#20 Nahodha wa Zamani
Umewahi kulala baharini wewe?

#21 Pweza Mkavu
Kahawa imekwisha, nnachemsha nyengine.

#22 Mbavu za Kigamboni
Kuna yale mashindano ya wazungu, wanapewa ngalawa wanakatiza visiwa na pwani ya bara siku kadhaa, wengi wao hawajawahi kushika tanga. Kama wao wanaweza, babu zenu watashindwaje?

#23 Bi Mwana wa Kojani
Wale wana boti za uokozi zinawafuata.

#24 Fundi Kalafati
Na mara nyingi wanakwenda kusini, Mafia huko, maji ya ndani ya miamba. Huwezi kulinganisha na mlango wa Pemba.

#25 Msomaji wa Mbweni
Niingize jambo la pembeni. Mbona hamjiulizi ndubi zenyewe zimetoka wapi? Bara la Afrika lote, mitumbwi yenye mbawa ipo pwani yetu tu, kuanzia upande wa Lamu hadi kaskazini ya Msumbiji. Asili yake ni Indonesia. Watu waliokwenda kuishi Madagascar walitoka huko, lugha ya Kimalagasi ina undugu na lugha za kisiwa cha Borneo. Walileta mbawa za mtumbwi. Watu waliovuka bahari ya Hindi nzima kwa vyombo vya namna hiyo, nyinyi mnabishana km 50.

#26 Mtumbatu Asili
Huyu ndiye mtu. Semeni tena.

#27 Kidau wa Mkunazini
Msomaji, polepole. Mitumbwi ya pwani ya magharibi ya Madagascar ina ubawa mmoja. Ngalawa yetu ina mbili. Ikiwa tulijifunza kwao, wa pili tumeutoa wapi? Mimi nimesikia Comoro ndiko ilikopitia, maana huko wapo wa mmoja na wapo wa mbili. Na waliovuka bahari ya Hindi hawakuvuka kwa gogo la mwembe la watu wawili. Walikuwa na vyombo vikubwa.

#28 Msomaji wa Mbweni
Wa pili huenda umeongezwa hapa hapa, kwa sababu kwetu upepo unageuka misimu na mtu anataka kwenda pande zote. Mwenye ubawa mmoja anachagua upande wa kuuweka.

#29 Kidau wa Mkunazini
Na Indonesia wenye mbili wapo tele. Kwa hiyo labda zilikuja mbili zikapotea moja Madagascar. Huwezi kujua. Hata mtepe, chombo chetu cha zamani cha kushonwa kwa kamba, tanga la mkeka, umepotea wote, na ule mfano mkubwa uliokuwamo Beit el Ajaib, makumbusho ya mjini Unguja, sijui hali yake tangu jengo lilipoanguka upande mmoja Disemba 2020.

#30 Pweza Mkavu
Tulianzia Bububu tumefika Borneo. Kijana yuko wapi? Kashauza ngalawa?

#31 Mlinzi wa Ufukwe
Nasoma kimya kimya tangu juzi. Jamani, pale pale Nungwi, Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na ile ilikuwa meli ya chuma yenye mashine. Mimi nilipoteza watu. Sitaki kumtisha mtu lakini msimsukume kijana kwa sifa za ami.

Kijana, ukitaka kwenda: chombo kisajiliwe kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe asubuhi ya siku yenyewe na si jana yake, majaketi yavaliwe na siyo kulaliwa, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wajue mmetoka lini na mnategemewa wapi. Na msitoke bamvua. Maji yetu yanapanda na kushuka karibu mita nne siku za bamvua, mkondo wa Nungwi unaongezewa nguvu juu ya nguvu. Subirini maji mafu.

#32 Bi Mwana wa Kojani
Mola awarehemu. Umesema kweli.

#33 Mtumbatu Asili
Amin. Lakini meli ile ilipakia kupita kiasi. Tusitie lawama zote kwenye mkondo.

#34 Hesabu za Maji
Hilo ni kweli pia. Na niongeze moja ambalo halijasemwa: watu wanaogopa kusi kwa sababu ya nguvu zake, lakini kusi na mkondo vinakwenda njia moja, mawimbi yanakuwa marefu. Kaskazi ni pole, ila linapigana na mkondo, na upepo ukipigana na maji, wimbi linasimama wima. Ukirudi kutoka Pemba na kaskazi, siku nzima ni raha, msukosuko wote unaupata mwisho, ukishaiona Nungwi.

#35 Nahodha wa Zamani
Hapo umesema. Vyombo vingi vimepata ajali nyumbani kunaonekana.

#36 Kijana wa Bububu
Sijauza 😂 Ahsanteni nyote, Mlinzi pole sana ndugu yangu.

Tumeamua hivi. Mwaka huu Pemba hatuendi. Tutaizungusha ngalawa mpaka Fumba, tucheze kwenye ghuba ya Menai kipindi cha kaskazi, Kwale, Uzi, tukijaaliwa Kizimkazi, tujifunze kugeuza foromali bila ya kutukanana. Pemba tutakwenda kwa boti la abiria, tukafanye utafiti: nataka nimpate mzee mmoja wa Mkoani aliyeona ngalawa inaingia kwa tanga kutoka Unguja. Mmoja tu.

Ila bado sijasadiki. Na tanga je? Fundi mmoja kataka kunishonea la turubali, mwengine anasema lazima marekani, kile kitambaa cha pamba.

#37 Fundi Kalafati
Marekani. Turubali halina mvuto, linapiga kelele na halikai umbo. Hakikisha kashona dasi, kamba ya ukingo wa tanga, pembeni kote, tanga bila ya dasi linachanika siku ya kwanza ya upepo. Kamba, funga kumbi.

#38 Mtumbatu Asili
Marekani ya siku hizi nyepesi, itaoza kwa mvua za vuli. Wazee walikuwa wakiloweka kwenye magome ya mkoko. Chukua turubali tu, huna pesa ya kuchezea.

#39 Bi Mwana wa Kojani
Mkoani usimtafute mzee, watakwambia alikuwa ami yao. Njoo Kojani, nitakupeleka kwa mtu aliyeziburuta.

#40 Mtumbatu Asili
Akitoka Kojani apite na Tumbatu, asikie upande wa pili.

#41 Mbavu za Kigamboni
Hivi ile mashine ya farasi 15 inafungwa wapi kwenye ngalawa? Nyuma si pamechongoka?

#42 Fundi Kalafati
Ubavuni, kwenye ubao juu ya mrengu wa nyuma. Lakini hilo lifungulie uzi wake.